Ile moja ya kumi na sita: shajara ya vijiti, darasa la pili

Julai, wiki ya kwanza ya muhula

Naanza kuandika haya kwa sababu ya jambo la Jumanne. Nilimwita mtoto mezani kwangu nikammwagia vizibo vya soda. Akavihesabu, kumi na sita, akaandika 16 daftarini bila kusita. Nikaizungushia 6 duara kwa kalamu nyekundu: "Hii ni vizibo vipi? Nionyeshe." Akatenga sita. Nikaizungushia 1: "Na hii?" Akachukua kizibo kimoja akakiweka peke yake.

Mezani vikabaki vizibo tisa visivyo na mwenyewe. "Na hivi?" Akaviangalia, akaniangalia. "Hivi vimebaki, Madam."

Huyu ni mtoto anayepata kumi kwa kumi kwenye mazoezi ya mamoja na makumi. Mwandikie 27, chini yake weka vyumba viwili, makumi na mamoja, atajaza 2 na 7 kabla chaki haijatua. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, kwa sababu zoezi lile halimdai mtoto ajue chochote. Tarakimu ya kushoto inaingia chumba cha kushoto, ya kulia chumba cha kulia. Ningeweza kumwandikia herufi mbili badala ya namba na bado angepata vema.

Swali la vizibo sikulibuni mimi. Constance Kamii, mtafiti wa Marekani aliyefuata mawazo ya Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, aliandika juu yake miaka ya 1980, na namba yenyewe ilikuwa hiyohiyo 16. Chuoni nilisoma habari zake, nikajibia mtihani, nikafaulu, nikasahau. Miaka yote hii nimefundisha vyumba viwili.

Hadi Ijumaa nilikuwa nimewauliza watoto ishirini kati ya 68, wawili watatu kila mapumziko. Wanne walinisogezea vizibo kumi. Wengine wote, kimoja.

Wiki ya pili: kutafuta vijiti

Tuna abakasi moja ya mbao, na waya mmoja umechomoka. Lakini hata kama ningekuwa nazo kumi, nisingeanzia hapo. Shanga ya makumi kwenye abakasi ni sawa kabisa na shanga ya mamoja, kwa ukubwa na kwa uzito. Inasimama badala ya kumi kwa sababu mwalimu kasema. Mtoto asiyeona kumi ndani ya ile 1 hatalikuta ndani ya shanga. Hela nazo ni vilevile: watoto wangu wanajua jero (mia tano), wanajua buku (elfu moja), na yupo anayeijua msimbazi (elfu kumi) kwa rangi yake, lakini buku ni karatasi moja tu, huwezi kuichana ukakuta mia kumi ndani. Nataka kitu ambacho kumi yake inaweza kufunguliwa ikahesabiwa. Zoltan Dienes, yule Mhungaria wa vibao vya hesabu, alikuwa na fito za mbao zilizochongwa alama kumi. Ni nzuri, ila fito nayo haifunguki. Ukitaka mamoja unakwenda kuibadilisha kwenye sanduku. Kijiti kilichofungwa na wenzake tisa kinabaki kijiti.

Huku Magu, mkoani Mwanza, mwezi huu pamba imevunwa na mashina yanang'olewa yachomwe ili wadudu wasisubiri msimu ujao. Nikaona nimepata vijiti vya bure. Mzazi mmoja akanisikia nikiwaagiza watoto, akaja hadi mlangoni: "Mwalimu, pamba hiyo imepigwa dawa, na hawa wanaweka kila kitu mdomoni." Kweli tupu. Nikawaambia waache.

Mwishowe nimenunua fagio tatu za chelewa sokoni. Kila njiti tumeikata vipande vya urefu wa kidole cha kati, na tumepata vijiti zaidi ya 700. Fundi baiskeli pale njia panda kanipa tyubu mbovu mbili, nimezikata vipete vyembamba vya kufungia. Jumla ya gharama ni hela ya fagio.

Ijumaa jioni: vipete 31 havipo. Jumamosi nikiwa njiani kwenda kisimani nikawaona watatu wa darasa langu wakiwinda ndege. Manati mapya, mpira mweusi mzuri. Sikuuliza.

Wiki ya tatu: neno fungu

Nilianza kwa kujiamini. "Kila mkifikisha vijiti kumi, fungeni fungu moja." Dakika tano baadaye napita kati ya madawati: kundi la kwanza fungu lina vijiti kumi, la pili vitano, la tatu kila fungu na idadi yake. Nikadhani ni uzembe. Nikamuuliza binti mmoja, ambaye mama yake ana genge karibu na stendi, mbona fungu lake lina vinne.

"Fungu la nyanya ni nne, Madam. Zikiwa ndogo mama anaweka tano."

Nilikosa jibu, maana yuko sahihi. Fungu la sokoni halina idadi, lina bei. La nyanya, la dagaa, la mchicha, kila moja ni kadiri ya muuzaji na hali ya siku ile. Nimemletea mtoto neno ambalo kwake maana yake ni "kiasi cha kutosha", halafu namlaumu kwa kulielewa.

Nikasema basi, tuliite fungu la kumi, ili idadi iwe ndani ya jina. Mkono ukanyooka dawati la pili: "Hilo tunapeleka kanisani." Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka. Nikajaribu bunda, kama bunda la noti. Hapa barabara ni moja, ya Mwanza kwenda Musoma, na Bunda ni mji ulioko mbele kidogo. Nusu ya darasa wana shangazi Bunda. Tulimaliza kipindi kwa habari za mabasi.

Usiku nimekaa na daftari nikitafuta neno, na neno lilikuwa mbele yangu muda wote. Kitu kile ni kumi. Kimoja ni kumi, viwili ni makumi. Hakihitaji jina la kupanga.

Wiki ya nne: makumi abili

Jambo lililonipa kazi wiki hii ni ishirini.

Kiswahili kinamsaidia mtoto kutoka kumi na moja hadi kumi na tisa. Jina lenyewe linamwambia kilichomo: kumi, na moja. (Linamsaidia mno hata: wapo wanaoandika 101, kumi halafu moja, kama walivyosikia.) Halafu ghafla anafika ishirini na msaada umekwisha. Thelathini, arobaini, hamsini, sitini, sabini, themanini, tisini: yote yametoka kwa Waarabu pamoja na sita, saba na tisa yenyewe, na humo ndani mtoto hasikii kumi hata ukiyatamka polepole. Mtu mzima mwenye sikio kali atasikia sita ndani ya sitini na saba ndani ya sabini. Lakini ishirini na mbili? Thelathini na tatu? Arobaini na nne? Hakuna kinachofanana. Kwa mtoto ishirini ni jina tu, kama Juma.

Jumatano kijana wa dawati la mwisho, ambaye huwa hanyooshi mkono, alikuwa anahesabu makumi yake kwa sauti ya chini. Nikasogea. Alikuwa anahesabu kwa Kisukuma: ikumi, makumi abili, makumi adatu. Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji. Lugha ya nyumbani kwao inasema wazi kile ninachohangaika nacho tangu mwezi uanze. Makumi mawili. Makumi matatu. Mtoto huyu amekuwa na thamani ya nafasi, yaani tarakimu kupata thamani kwa pale ilipokaa, mdomoni tangu kuzaliwa, na mimi kila siku namwambia aseme ishirini.

Shuleni tunafundisha kwa Kiswahili na sina nia ya kubadili hilo. Isitoshe wapo watoto wa watumishi waliohamia kutoka mikoa mingine, Kisukuma hawakijui. Lakini Kiswahili nacho kinaruhusu kusema makumi mawili. Hakuna atakayeona ni kosa, ataona ni madaha tu. Nimeweka utaratibu: kila namba darasani ina majina mawili, la mtaani na la vijiti. 23 mtaani ni ishirini na tatu. Kwa vijiti ni makumi mawili na mamoja matatu. Mmoja akilitaja la mtaani, mwenzake anajibu la vijiti, kisha wanabadilishana. Yule wa dawati la mwisho nilimwomba atufundishe kuhesabu makumi kwa Kisukuma hadi makumi atano. Alisimama mbele mikono nyuma, akatuongoza kama padri.

Mwenzangu wa darasa la tatu alipita dirishani akauliza kama siku hizi nafundisha matambiko.

Agosti, wiki ya pili: chenji

Mchezo wa vizibo unakwenda vizuri. Kila kundi lina vizibo sita. Mtoto anavitupa chini, vilivyolala kifudifudi ndivyo idadi ya vijiti anayochukua. Akifikisha kumi lazima afunge, asipofunga mwenzake akamwona anapoteza zamu. Sheria hii ya mwisho waliitunga wao, na wanaisimamia kwa ukali ambao mimi nisingeuthubutu.

Siku ya Alhamisi niliugeuza. Kila mmoja aanze na makumi mawili, atupe vizibo, kisha arudishe vijiti badala ya kuchukua. Mtoto wa kwanza akapata nne. Ana makumi mawili mkononi, yamefungwa vizuri. Akakaa.

"Nipe vinne."

"Sina, Madam. Nina makumi tu."

Nikazunguka makundi mengine, ni yaleyale. Wamekaa na vijiti ishirini mkononi na wanasema hawana vinne. Hapo nikaelewa kwamba tangu mwezi uliopita nimewafundisha kufunga tu. Kumi lililofungwa limekuwa kitu kipya, gumu, kama jiwe. Ile 1 ya kumi na sita imerudi kwa mlango wa nyuma.

Nilikuwa nafungua mdomo kuwaambia wafungue kipete, nikamwona yule binti wa genge ananyoosha mkono wenye kumi zima kwa mwenzake anayetunza vijiti. "Shika. Nirudishie chenji sita."

Mtunza vijiti akatazama kisanduku chake. Hakuwa na vijiti vilivyofunguliwa hata kimoja. "Chenji hakuna."

"Basi nipe pipi."

Nilicheka hadi nikakaa. Lakini mtunza vijiti hakucheka, alikuwa na tatizo la kweli la kibiashara. Akafikiri kidogo, akachomoa kipete, akahesabu sita, akamrudishia, akabaki na vinne. Kundi zima likaona. Kufikia mwisho wa kipindi neno limeenea darasa zima: chenji. Huna vinne? Vunja kumi, rudisha chenji.

Mimi nilifundishwa kutoa kwa kukopa: moja haiwezi kutoa nne, nenda jirani ukakope. Nilipokuwa mdogo niliwahi kujiuliza tunalipa lini, sikupata wa kumuuliza. Kwa watoto hawa kukopa kuna maana kamili: unaandikwa kwenye daftari la duka na mama atakuja kusemwa. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kwenye 32 kutoa 14 hakuna anayekopa wala anayedaiwa. Kuna kumi moja lililofunguliwa, vijiti ni vilevile 32. Nimeamua neno kukopa sitalitumia tena ubaoni. Tutavunja.

Mwalimu wa darasa la tatu anasema nawaharibia, wakifika kwake watasema chenji kwenye mtihani. Tumekubaliana kwamba nitaanza kuwazoesha neno kubadili mwezi wa kumi.

Kwa ratiba ya mada niko nyuma kwa wiki mbili na nusu. Nimeliandika hapa nisije nikajidanganya.

Agosti, wiki ya nne: "Haya nayo tunayafunga?"

Fupi, kwa sababu leo ni zamu yangu ya wiki na nimechoka.

Kundi la karibu na dirisha liliunganisha vijiti vyao na vya jirani, kinyume na maagizo. Wakapata makumi kumi. Yule kijana wa 16, wa "hivi vimebaki", akaninyanyulia makumi yote kifuani kama kuni: "Madam, haya nayo tunayafunga?"

Sikuwa nimetaja mia. Nilipanga kuifundisha kwa wiki yake na chati yake. Nikamuuliza kwa nini ayafunge. Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini mvua inalowesha. "Si yamefika kumi?"

Kipete cha tyubu hakikutosha. Tumetumia kisado kilichokuwa na rangi; makumi kumi yanaingia yakisimama. Sasa mia darasani ni kisado. Naandika hili nikijua nimejiongezea neno jingine la kuja kulifuta.

Septemba, wiki ya kwanza: 1005

Imla ya namba. Nilitaja mia moja na tano. Watoto wengi, pamoja na wale ninaowategemea, wameandika 1005. Ishirini na tatu ikaja kama 203 kwa baadhi. Wanaandika wanachosikia, 100 halafu 5, kama vile tunavyoandika maneno. Hakuna mantiki safi zaidi ya hiyo, na sikuwa na haki ya kupiga mkasi mwekundu.

Nimekata kadi za namba kutoka kwenye boksi. Kadi ndefu imeandikwa 100, fupi yake 20, fupi kabisa 5, upana wa kila tarakimu ni mmoja. Unataka mia moja ishirini na tano? Zipandishe, ukingo wa kulia ulingane. 20 inafunika sifuri mbili za mia, 5 inafunika sifuri ya ishirini. Ukisoma juu unaona 125, ukinyanyua unaikuta mia nzima chini yake. Wazo hili ni la zamani, shule za Montessori zina kadi za namna hii. Zangu zimetoka kwenye boksi la biskuti na zina picha ya ng'ombe kwa nyuma.

Mia moja na tano wakaipandisha wenyewe: 100 chini, 5 juu. Ikabaki sifuri moja katikati inachungulia.

"Hii mbona haijafunikwa?"

Mwenzake akamjibu kabla yangu: "Hakuna makumi ya kuifunika."

Niliwaambia kwamba sifuri ni neno la Kiarabu na maana yake ni tupu. Sidhani waliona ni jambo kubwa, lakini mimi nililiona. Vijiti havina haja ya sifuri: kisado kimoja, vijiti vitano, basi, sehemu ya makumi hakuna kitu mezani na hakuna anayeuliza. Ni maandishi yanayohitaji mtu wa kukaa kwenye kiti kitupu ili kisado kisisogee kikawa kumi. Nimefundisha hesabu miaka tisa na sikuwahi kuiona sifuri hivyo.

Hasara ya wiki: mchwa wameingia kabatini. Makumi nane yameliwa katikati, yamebaki na vichwa na miguu. Watoto walitaka kuyazika.

Septemba, Ijumaa kabla ya likizo fupi

Nimewarudia wale ishirini wa Julai, mmoja mmoja, vizibo vilevile na kalamu ileile nyekundu. Kumi na sita walinitengea kumi kwa ile 1. Wawili kati yao walivihesabu kwanza, wakavizungushia kidole kana kwamba wanavifunga, ndipo wakanisogezea. Mmoja alinitengea kumi kisha akauliza kama nataka chenji.

Yule wa "hivi vimebaki" nilimwongezea. Niliandika 116, nikazizungushia duara zile 1 mbili, moja moja. Ya katikati akasema kumi. Ya mbele akaitazama kwa muda, akageuza kichwa kuangalia kona ya darasa. "Ile ni kisado." Sikumsahihisha.

Wanne bado wananionyesha kizibo kimoja. Mmoja wao amekosa shule karibu Agosti nzima, alikuwa akichunga. Wawili wanasubiri waone mwenzao kafanya nini, na nikiwaita peke yao wanakwama. Wa nne ananisumbua zaidi, kwa sababu kwenye vijiti hakosei hata mara moja: anafunga, anavunja, anarudisha chenji, anamshinda hata binti wa genge. Ila akishaandika tu, namba inageuka kuwa maandishi na vijiti vinakwenda zao. Nimemuuliza 16 mara tatu kwa siku tofauti. Leo aliniuliza yeye: "Unataka ya vijiti au ya daftari?"

Tukifungua nitakaa naye chini ya mwembe, vijiti upande huu, daftari upande huu, na kadi katikati. Fagio moja zaidi inahitajika, na bati la kuhifadhia.